Je, kipimo cha maikrowevu kitasoma unyevu wa gunia zima la kahawa?

SWALI: Fundi, jambo. Ninasimamia depo ya ushirika wetu wa kahawa hapa Bukavu. Parche, yaani kahawa iliyokaushwa ikiwa bado na ganda lake la ndani, inatoka kisiwa cha Idjwi kwa mashua, na kipimo chetu cha mkono kinatusumbua: punje zinasoma unyevu wa asilimia 11, ukizimwaga na kuzirudisha kwenye kikombe chake zinasoma 12 na nusu. Sasa tumeambiwa kuna kipimo cha maikrowevu kinachosoma gunia bila kulifungua. Tununue?

JIBU: Jambo sana, Mama. Msinunue kwanza. Mizani nzuri na oveni vinatangulia.

Kipimo cha maikrowevu hakioni maji moja kwa moja. Antena moja inatuma wimbi dhaifu, la miliwati chache tu, kwa hiyo halipashi kahawa moto. Antena ya upande wa pili inalipokea. Kinachopimwa ni wimbi limechelewa kiasi gani njiani na limepungua nguvu kiasi gani. Kazi kubwa hapo inafanywa na maji, kwa sababu molekuli zake zina ncha chanya na ncha hasi, nazo hugeuka-geuka zikilifuata wimbi. Namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyoitikia uwanja wa umeme ni karibu 80 kwa maji. Kwa mmea mkavu ni 2 hadi 4 hivi. Tena wimbi linapita katikati ya mzigo, halidanganywi na punje iliyokauka juu huku ndani bado mbichi.

Shida ni msongamano. Gunia likishindiliwa, wimbi linakutana na kahawa nyingi zaidi, na namba inapanda ingawa unyevu ni ule ule. Hata kikombe chenu, kisichotumia maikrowevu, kinasumbuliwa na jambo hilo: punje zikimwagwa taratibu zinakaa kwa nafasi, ukitikisa zinabanana. Kwa sasa mwageni kutoka kimo kimoja, bila kutikisa, mara tatu, mchukue wastani. Na kahawa iliyotoka juani ipoe kivulini kwanza, maana joto nalo linabadilisha usomaji.

Vipimo vizuri vya maikrowevu vinasoma kuchelewa na kupungua kwa pamoja. Vyote viwili vinakua na msongamano, kwa hiyo ukigawanya kimoja kwa kingine athari yake inapungua sana. Muuzaji ambaye chombo chake kinasoma kimoja tu, muulizeni uzito na unene wa gunia anaujuaje.

Muulizeni pia masafa, yaani wimbi linatetema mara ngapi kwa sekunde. Kwa gigahezi 10 wimbi lina urefu wa sentimita 3 hewani, na ndani ya kahawa linakuwa fupi zaidi. Katika gunia nene linaweza kuchelewa mzunguko mzima au miwili, na chombo kisijue ni mzunguko wa ngapi. Hapo kinatoa namba safi ambayo ni ya uongo. Kwa gigahezi 2.45 wimbi ni la sentimita 12, na hatari hiyo inapungua.

Hata chombo bora kabisa lazima kisawazishwe kwa kahawa yenyewe, yaani namba zake zilinganishwe na unyevu wake halisi, na parche ina hesabu yake tofauti na kahawa iliyokobolewa. Ndiyo maana nasema oveni. Koboa sampuli, pima gramu 10, kausha kwa nyuzi 105 kwa saa 16, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, pima tena. Ikibaki gramu 8.8, unyevu ni asilimia 12. Fanyeni hivyo kwa kahawa kavu, ya wastani na mbichi kidogo, mkiandika kando yake kikombe kilisoma ngapi. Jedwali hilo litawafaa tangu leo, na ndilo litakalowaonyesha kama chombo cha muuzaji kinasema kweli.

Maikrowevu nitaipendekeza mkiwa na mashine ya kukoboa inayomwaga kahawa mfululizo, ambapo hakuna mtu wa kusimama na kikombe. Na umeme ukikatika katikati ya zile saa 16, anzeni upya na sampuli nyingine.