Muulize Mchoraji wa Zamani, Usimnakili

Miaka yangu miwili ya kwanza nilichora chui wa mtindo wa Tingatinga tu. Silingibodi, rangi ya kupakia baiskeli, mandhari kwanza, mwili, halafu madoa. Picha zilinunuliwa. Siku moja mteja akaniuliza mbona macho ya chui yanatazama pembeni. Sikuwa na jibu, maana niliyakuta hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, bila shaka alikuwa nalo.

Mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, anajulikana kwa onyo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Lakini ni yeye huyo aliyechora Karamu ya Mwisho ukutani mwa kanisa la Murang'a mwaka 1959, jambo ambalo Wazungu walilichora kwa karne nyingi. Kwake Yesu ni Mwafrika na mazingira ni ya Wakikuyu. Nilikaa na hilo muda mrefu.

Kwa hiyo ukiipenda picha ya zamani, acha rangi zake kwanza. Chukua penseli, chora mistari mikubwa tu: nani amemwegemea nani, nafasi tupu iko wapi. Nilifanya hivyo na Karamu ya Mwisho ya Leonardo da Vinci, mchoraji wa Italia, iliyoko Milan. Zile ndevu na majoho hayakunisaidia kitu. Kilichonisaidia ni kuona kwamba wanafunzi kumi na wawili amewagawa makundi manne, watatu watatu, na wote wamekaa upande mmoja wa meza. Hakuna anayekula hivyo nyumbani! Ila kwenye benchi la kituo cha daladala ndivyo tunavyokaa, wote tumeielekea barabara. Hapo nikapata picha yangu.

Angalia pia unachorea juu ya nini. Mchoraji Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchorea lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda. Titian na Goya, wachoraji wa zamani wa Ulaya, wamo katika kazi zake, lakini matundu na mishono ya gome huwalazimisha kubadilika.

Na mtaje uliyemchukulia. Katikati ya benchi langu ameketi mama mwenye ndoo ya samaki, na nyuma ya ubao nimeandika kwa penseli: kutoka kwa Leonardo, kupitia Murang'a.