Mbwa mwenye mimba na magonjwa ya ngozi: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Tangu mvua zianze, wasomaji wengi wameniandikia kuhusu mbwa wenye mimba wanaojikuna, wanaonyonyoka manyoya au wanaotokwa na vidonda. Nimechagua maswali saba yanayowahusu wengi. Mtaona kwamba karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja: mara nyingi si ugonjwa wa ngozi unaoharibu mimba, bali ni dawa iliyochaguliwa kwa haraka. Kwa hiyo, kabla ya yote, andikeni tarehe ambayo mbwa alipandwa. Mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na katika wiki tano za kwanza ndipo viungo vya watoto vinapoumbika. Daktari asiyeijua tarehe hiyo hulazimika kubahatisha.

Dokta, mbwa wangu ana mimba ya mwezi mmoja. Anajikuna usiku kucha, kingo za masikio na viwiko havina manyoya tena, na ngozi imekuwa ngumu yenye magamba. Jirani anayefuga ng'ombe amenipa chupa ya ivermektini. Nimchome kiasi gani? (Mama wa Katuba)

Mama, tafadhali mrudishie jirani chupa yake. Dalili unazoeleza zinafanana sana na upele unaoletwa na wadudu wasioonekana kwa macho, ambao huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Kuna jaribio ambalo unaweza kulifanya mwenyewe: shika ukingo wa sikio la mbwa kwa vidole viwili, ukunje, kisha uusugue taratibu kwa sekunde chache. Mbwa mwenye upele huu mara nyingi huanza kurusha mguu wa nyuma kana kwamba anajikuna, ingawa mguu wenyewe haugusi sikio. Ikiwa hayo yanatokea, na ikiwa wewe au watoto mmeanza kutokwa na vipele vinavyowasha mikononi na tumboni, shaka inabaki ndogo sana. Vipele vyenu ninyi vitaisha vyenyewe mbwa akishatibiwa, kwa sababu wadudu wa mbwa hawadumu katika ngozi ya binadamu.

Daktari atakwangua ngozi kidogo kwa wembe na kuutazama ukwanguo huo kwa darubini. Kazi hiyo haimdhuru mbwa wala mimba yake. Wadudu hawa ni wachache na hujificha, kwa hiyo wasipoonekana mara ya kwanza, daktari mwenye uzoefu hataondoa shaka moja kwa moja. Mji wetu una bahati ya kuwa na Kitivo cha Tiba ya Mifugo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na waliosomea humo wanaijua kazi hii vizuri.

Sasa nieleze kwa nini chupa ile inanitia hofu. Ivermektini ya ng'ombe kwa kawaida ina miligramu 10 katika kila mililita, na kipimo chake ni mililita moja kwa kilo 50 za uzito. Mbwa wa kilo 10 akichomwa kwa hesabu hiyo angepata sehemu mbili tu za kumi za mililita, na ukizidisha sehemu moja ya kumi, ambayo kwenye bomba kubwa la sindano ni vigumu hata kuiona, tayari umeongeza nusu nzima ya kipimo. Tena wako mbwa wenye damu ya aina ya Collie, na baadhi ya wale wa aina ya German Shepherd ambao damu yao imeenea sana katika mji huu, ambao ubongo wao haukingwi dhidi ya dawa hii kama ulivyo wa wengine. Hao hupanuka mboni za macho, huyumba, hutokwa na mate, huzimia, na wengine hufa.

Muulize daktari kuhusu selamektini, dawa ya matone inayowekwa kwenye ngozi katikati ya mabega, kwa sababu imeidhinishwa kwa mbwa mwenye mimba na hata kwa anayenyonyesha. Huwekwa mara moja, kisha hurudiwa baada ya mwezi mmoja. Amitrazi, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, usiitumie kwa mbwa mwenye mimba. Mbwa wote wa lupango, yaani wa nyumbani kwenu, watibiwe siku moja, hata wale wasiojikuna, na magunia wanayolalia yachomwe moto.

Fundi wa magari mtaani kwetu anasema mafuta machafu ya injini huponya upele wa mbwa kwa siku tatu, na kwamba hata mwenye mimba hupakwa. Ni kweli? (Baba wa Kenya, hapa mjini)

Baba, si kweli, na ninakuomba uwaambie na majirani. Mafuta yaliyotolewa kwenye injini yamebeba mabaki ya vyuma na sumu nyingine. Mbwa hujilamba, kwa hiyo unachompaka mgongoni jioni kitakuwa tumboni mwake kabla ya asubuhi, na kutoka hapo kitafuata damu hadi kwa watoto. Watoto watakaozaliwa watanyonya chuchu zilizopakwa mafuta hayo. Ni kweli kwamba manyoya huonekana kutulia kwa siku chache, kwa kuwa mafuta hulainisha magamba na kuziba pumzi za baadhi ya wadudu, lakini ngozi iliyo chini huungua. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo.

Ikiwa huna uwezo wa kumfikia daktari leo, mwogeshe mbwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, msuuze mpaka maji yatoke safi, umkaushe kwa kitambaa. Vidonda vidogo vioshwe kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita. Ukipata shampuu ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iache juu ya ngozi kwa dakika 10 kabla ya kuisuuza, mara mbili kwa wiki, na uzingatie kuzisuuza vizuri chuchu. Katika siku za mwisho kabla ya kuzaa, acha kumwogesha. Kumkamata na kumnyanyua kutamchosha bure.

Mbwa wetu amebakiza wiki mbili azae. Ametokwa na vitu kama majipu tumboni na mapajani, kila kimoja kina tundu dogo katikati, na mtoto wangu anaapa kwamba ameona kitu kikicheza ndani. (Msomaji wa Ruashi)

Mtoto wako ana macho mazuri. Hayo si majipu, ni mabuu ya nzi, wale wale wanaotufanya tupige pasi nguo zote za ndani pande zote mbili hata tunapokuwa na haraka. Nzi huyo hamtagii mbwa. Hutaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo au mavi, au kwenye nguo zenye unyevu, na buu likishaanguliwa hungoja humo mpaka ngozi yenye joto ilale juu yake. Hupenya bila mbwa kusikia kitu. Hukua ndani ya ngozi kwa siku 8 hadi 12, huku likipumua kupitia tundu lile ulilolitazama.

Dawa yake haihitaji sindano, na kwa mbwa mwenye mimba hilo ni jambo la kushukuru. Nawa mikono, nyoa manyoya kidogo kuzunguka uvimbe, kisha funika tundu kwa vazelini nyingi. Subiri kama nusu saa. Buu likikosa pumzi hujisogeza juu, na utaona ncha nyeupe yenye madoa meusi mawili ikichungulia. Hapo bonyeza kutoka pande zote mbili kwa vidole gumba, polepole, ukianzia chini ya uvimbe na si juu yake, mpaka litoke zima. Usilitoboe na usilikate, kwa sababu buu likipasuka ndani ya ngozi huleta uvimbe mkubwa na usaha. Baada ya kulitoa, osha tundu kwa maji ya chumvi niliyoyaeleza hapo juu. Kama mabuu ni mengi kiasi cha kumfanya mbwa akose hamu ya chakula, usiyatoe yote kwa siku moja nyumbani. Mpeleke kwa daktari.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mahali atakapozalia. Watoto wa mbwa wenye siku chache, wakilala juu ya mchanga huo huo, wanaweza kuingiwa na mabuu mengi mno kwa miili yao midogo, na wengine hufa. Mna wiki mbili. Mtengenezeeni kitanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka ardhini, mahali pakavu, na vitambaa vyote mtakavyotandika vipigwe pasi ya moto kwanza, iwe ya umeme au ya makala. Mchanga wa mahali anapolala sasa ukwanguliwe na kutupwa mbali.

Manyoya ya tumboni yanatoka yenyewe na chuchu zimebaki wazi, lakini hajikuni. Je, anaumwa? (Dada wa Kampemba)

Hapana, dada. Karibu na kuzaa, manyoya ya tumboni hupungua ili watoto wapate chuchu kwa urahisi, na mbwa wengi hunyonyoka tena mwili mzima wakati wa kunyonyesha. Huota upya baada ya miezi michache. Pasipo wekundu, harufu, magamba wala kujikuna, usimpake kitu. Tazama badala yake sahani yake: bukari peke yake haimtoshi mbwa anayejenga miili ya watoto, na manyoya makavu yasiyong'aa mara nyingi ni ishara ya njaa ya protini. Ongeza ndagala, mayai au matumbo ya nyama yaliyopikwa, hasa katika wiki tatu za mwisho. Vidonge vya kalsiamu usimpe kabla ya kuzaa, kwani huuzoeza mwili uvivu wa kutumia kalsiamu ya mifupa, na akianza kunyonyesha anaweza kupatwa na degedege.

Mbwa ana mabaka ya duara yasiyo na manyoya usoni, na binti yangu ametokwa na duara kama hilo mkononi. Famasi wamempa binti griseofulvini. Naweza kumgawia mbwa? (Mama wa Kamalondo)

Usimgawie hata kidonge kimoja. Griseofulvini, dawa ya kuua kuvu, huharibu watoto walio tumboni, na hilo linajulikana vizuri. Mabaka unayoyaeleza huenda ni choa, ugonjwa wa kuvu unaopita kati ya mbwa, paka na watu. Kwa mbwa wako, daktari atachagua dawa ya kupaka au ya kuogeshea, na atakuomba uvumilie, kwa sababu tiba ya nje huchukua wiki nyingi. Binti naye aonwe na daktari wa watu, na asimbebe mbwa kwa sasa.

Rafiki yangu muuguzi ana deksametazoni na anasema sindano moja itazima muwasho. Pia nina vidonge vya tetrasaiklini vilivyobaki. (Msomaji wa Annexe)

Rafiki yako anasema kweli kuhusu muwasho, na hapo ndipo penye hatari. Deksametazoni na ndugu yake prednisoloni hutuliza ngozi haraka, lakini zinaweza kuitoa mimba au kusababisha watoto wazaliwe na kaakaa lililopasuka. Zaidi ya hayo, hupunguza kinga ya mwili, hivyo wadudu na kuvu huongezeka wakati wewe unaona mbwa ametulia. Tetrasaiklini hujishikiza kwenye mifupa na meno ya watoto. Enrofloksasini, antibiotiki nyingine, nayo huumiza gegedu zao. Kama kweli kuna usaha na daktari ameona kwamba antibiotiki inahitajika, amoksisilini na sefaleksini ndizo ambazo kwa kawaida huchaguliwa kwa mbwa mwenye mimba, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake.

Akizaa kabla hajapona, niwatenge watoto naye? (Baba wa Bel-Air)

Usiwatenge. Maziwa ya siku ya kwanza ndiyo kinga yao, na hakuna dawa itakayoziba pengo hilo. Ikiwa ana upele wa kuambukiza niliouzungumzia katika jibu la kwanza, watoto wanaweza kuupata, kwa hiyo mama atibiwe kwa dawa inayoruhusiwa wakati wa kunyonyesha na malalo yabadilishwe mara kwa mara. Uko upele mwingine unaoitwa demodeksi, ambao hauambukizi watu. Wadudu wake hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto katika siku chache za kwanza za kunyonya, na karibu kila mbwa anao bila kuugua. Mbwa ambaye demodeksi imemwenea mwili mzima asipandishwe tena, kwa kuwa udhaifu huo hurithiwa.

Viroboto nao msiwadharau. Kitoto cha siku kumi kinaweza kuishiwa damu kwa sababu yao. Usikipulizie dawa yoyote ya wadudu. Tumia kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni la kuwazamishia viroboto, na kila asubuhi mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa za waridi, endelea na kitana. Zikiwa nyeupe, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo pamoja na mama yake.