Dada Nijibu: Nilipe dola 4,000 nipate kazi data senta?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Woodbridge, Virginia, mwaka wa sita sasa, naendesha van ya kupeleka vifurushi. Kila siku napita Ashburn naona yale majengo makubwa yasiyo na madirisha, ndo data senta zenyewe, zimejaa seva, yani kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data, moja likiisha linaanza lingine, na kila mtu anasema ajira ndo ziko huko. Sasa kuna shule ya mtandaoni inataka dola 4,000 inifundishe kompyuta miezi mitatu, wanasema nikimaliza data senta zitanigombania. Nina grini kadi, na kabla sijaja huku nilisomea umeme VETA Dodoma. Nilipe? – Baba Neema

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo hela usiitoe, na ntakueleza taratibu kwa nini maana swali hili naletewa sana na linaniuma, watu wanakopa kwa ajili ya hizi kozi.

Ajira zipo, hilo sio uongo, ila ujue ziko upande gani. JLARC, ile tume ya bunge la Virginia inayokagua mambo ya serikali, ilitoa ripoti Desemba 2024 ikasema data senta zinaleta kama ajira 74,000 kwa mwaka jimboni. Mtu akisikia hivyo anawaza watu 74,000 wamekaa ndani ya yale majengo wanabonyeza kompyuta. Hapana jamani. Sehemu kubwa ni ujenzi. Ripoti hiyohiyo inasema jengo la kawaida la futi za mraba 250,000 linaweza kuwa na watu 1,500 saiti ujenzi ukipamba moto, inaenda hivyo mwaka au mwaka na nusu, halafu likishawashwa wanabaki kama 50, na karibu nusu yao ni wa kontrakta. Hamsini! Jengo ambalo kulizunguka tu kwa miguu unachoka.

Na wanaokuuzia kozi huwa wanakuonyesha namba za nchi nzima, kwamba sekta ya kuchakata na kuhifadhi data imetoka watu kama 306,000 mwaka 2016 mpaka 501,000 mwaka 2023. Ni kweli, ni za Ofisi ya Sensa. Lakini humo wamo waandika programu na watu wa ofisini ambao hawana haja ya kukaa karibu na seva, ndo maana kwa idadi ya wafanyakazi zinaongoza California na Texas wakati kwa wingi wa data senta ni huku kwetu.

Mi nimefanya shifti za masaa 12 kwenye jengo moja Ashburn, najua nani alikuwa anatafutwa usiku wa manane. Sio mtu wa kompyuta, ni fundi umeme na fundi wa vipoza hewa. Seva ikifa inachomolewa inawekwa nyingine, hakuna anayepiga kelele, ila umeme ukiyumba au joto likipanda kila mtu anakimbia, kuna majenereta, kuna vyumba vizima vya betri, kuna mabomba ya maji ya kupoza, na vyote vinataka mtu anayejua kushika spana na kusoma mchoro. Yani wewe Baba Neema umesomea kitu chenyewe halafu unataka kulipa hela usomee kingine!

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda chama cha mafundi umeme, IBEW Local 26, ndo kinachoshika Washington na Virginia ya kaskazini, uliza uanagenzi, ni miaka mitano ila unalipwa huku unasoma, na mafundi wao wako kwenye hizo saiti unazopita. Ukiona miaka mitano ni mingi, Northern Virginia Community College wana masomo ya uendeshaji wa data senta kabisa, sio kompyuta ya juujuu, na ukienda kaulize msaada wa ada kabla hujatoa hata senti. Kazi ya ujenzi inahama, leo Ashburn kesho Manassas, hilo lijue na mama Neema alijue, ila ukishakuwa na leseni hata ujenzi ukipoa wale 50 wanaobaki ndani wanachaguliwa watu kama wewe.

Kuhusu grini kadi, kazi nyingi inatosha, ila majengo yanayobeba data za serikali kuu mara nyingi wanataka raia, kwa hiyo kama miaka imetimia anza kujaza fomu za uraia sasa hivi.

Leseni za umeme hapa jimboni zinatolewa na ofisi inaitwa DPOR. Waulize uzoefu wako wa nyumbani wanauhesabu vipi, maana watataka karatasi, sio maneno. Kama cheti chako cha VETA kimebaki Dodoma, piga simu leo wakitafute, na yule fundi uliyefanya naye kazi akuandikie barua yenye miaka na aina ya kazi.