Kunguni hapandi kirikuu mwenyewe, anapakiwa

*Shikamoo Bi. Metroni. Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Tandale, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji sita. Mwisho wa mwezi tunahamia Kivule, nyumba ya peke yetu. Kodi ya miezi sita tumeshalipa na funguo tunazo. Shida ni kunguni. Tunao tangu mwaka jana, kitandani na kwenye makochi. Mume wangu anataka tuchome godoro na kitanda tuanze upya. Mama mkwe anasema tuvimwagie vyote mafuta ya taa kabla ya kupakia. Kitanda ni cha mninga, zawadi ya harusi, roho inaniuma. Tufanyeje tusihame nao? Na tafadhali usinitaje, mama mwenye nyumba mpya ni msomaji wako.*
*Mama Wawili, Tandale*

Marahaba mwanangu. Jina lako hukuniandikia, kwa hiyo hata nikitaka kukutaja siwezi. Ila nianze na hiyo aibu, maana ndiyo inayowasafirisha kunguni kuliko magari.

Nimekuwa metroni wa bweni la wasichana kwa miaka 19. Kila shule ilipofunguliwa nilisimama mlangoni na tochi na shuka jeupe, na tranka lilifunguliwa juu ya shuka hilo kabla halijavuka kizingiti. Mwaka mmoja alikuja binti sketi imenyooshwa hadi inakata, tranka lake linanukia sabuni. Kwenye bawaba za mfuniko walikuwa wamepangana kama punje za ufuta. Binti alikuwa anajua. Nyumbani walijua pia. Walinyamaza kwa sababu mtu akisikia kunguni anafikiri uchafu, na kumbe kunguni hali uchafu, anakula damu, na damu ya msafi na ya mchafu kwake ni chakula kilekile. Kwa hiyo waambie wapangaji wenzako pale Tandale kwamba mnao. Nyumba ya koridoo moja, kuta zinashikana na dari ni moja, mkipuliza dawa chumbani kwenu leo, kesho wapo kwa jirani, na kesho kutwa wanarudi.

Sasa hukumu ya moto na mafuta ya taa. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zake zote, hapana. Mafuta ya taa yanaua yule aliyeguswa tu. Mayai yaliyogandishwa ndani ya maungio ya mbao yanabaki yanakusubiri. Godoro lililokunywa mafuta ya taa, halafu usiku mtu akawasha dawa ya mbu ya kuchoma pembeni yake, sihitaji kukumalizia hadithi. Na mumeo naye mwambie kitanda cha mninga hakichomwi. Mninga unavumilia maji yanayochemka.

Hapo kwenye maji yanayochemka ndipo kazi yako ilipo. Kabla ya kushika kitu chochote jiulize: hiki kinavumilia joto? Kunguni mkubwa na mayai yake wote wanakufa kwenye joto la nyuzi 48 likishika kwa saa moja na nusu, na likifika 60 hawachukui muda. Jua la Dar utaliona kali, lakini godoro ukilianika, ndani ya sponji hakuna joto hilo, na kunguni anahamia upande wa kivuli. Nimeanika magodoro 80 uwanjani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Yalikauka mikojo, kunguni walibaki.

Anza wiki nzima kabla, siyo usiku wa kuamkia kuhama. Nguo, mashuka, mapazia, chandarua cha pamba na nepi za mtoto: sufuria kubwa, jiko la mkaa, chemsha. Kuloweka maji baridi usiku kucha kunaweza kuwaua wanaotembea, mayai hapana. Nguo isiyochemka, mfano kitenge unachokiogopea rangi au suti ya baba, ipigwe pasi ya moto polepole, ukikaa zaidi kwenye mishono, pindo na chini ya kola. Chandarua cha dawa usikichemshe, kitaharibika. Ukikipata kipya kwa ajili ya Kivule, hiki kiache.

Na hapa wengi wanakosea. Nguo ikishakauka wanairudisha kwenye kabati lilelile! Kitu kilichopita motoni hakirudi chumbani. Kinaingia moja kwa moja kwenye nailoni, inafungwa fundo, na kinaondoka. Funguo mnazo, basi peleka Kivule kidogo kidogo, leo mzigo mmoja, keshokutwa mwingine. Rambo hazipo tangu zilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, hivyo nenda duka la vifaa vya ujenzi ukanunue kwa mita ile nailoni nene wanayotandika chini ya zege. Shangazi kaja peke yake haitoshi, zipu yake na mishono yake ni milango. Weka nailoni ndani yake kwanza.

Kitanda kifunguliwe chote, uwani, juu ya sakafu ya saruji unayoweza kuimwagia maji. Toa kila chaga. Utawakuta kwenye matundu ya skrubu, kwenye ncha za chaga zinapokalia mbao, na nyuma ya ubao wa kichwani. Mayai ni meupe, madogo kama milimita moja, yamegandishwa, hayapeperuki ukiyapuliza. Birika linalotokota, mdomo wake karibu na ufa, mwaga taratibu, rudia. Vanishi itafanya weupe. Fundi seremala ataipiga msasa siku nyingine. Skrubu zenyewe zitupe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, usidharau.

Godoro ndilo la kuamua. Kama jalada lake ni zima, chunguza mishono yote kwa tochi, sugua kwa brashi ngumu, mwagia mishono maji ya moto, likauke kabisa, kisha lifunge lote kwenye nailoni na uunganishe kwa selotepu pana, wala usilifungue kwa miezi mingi. Tandika shuka juu ya nailoni hiyohiyo. Litapiga kelele mkigeuka, vumilieni. Kama limechanika, liache. Lakini usiliweke jalalani zima. Likate vipande kwa kisu. Bwenini kwetu tulitupa magodoro sita, mlinzi akaona yanafaa akachukua mawili kwake. Muhula uliofuata binti yake akaja kidato cha kwanza, na tranka lake ndilo lililoturudishia.

Makochi, kama ni ya vitambaa vilivyopigiliwa pini, mimi nisingeyahamisha. Najua yana gharama. Kwenye kochi kunguni wanakaa ndani ya fremu, chini ya kile kitambaa cheusi cha chini, ambako birika halifiki. Kaeni mkekani mwezi mmoja.

Vitabu na madaftari ya shule: tafuta jirani mwenye friza la samaki au barafu, vifunge kwenye nailoni, vikae siku 4 mfululizo, friza likiwa linagandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, hesabu inaanza upya. Televisheni, redio, saa ya ukutani na fremu za picha usimwagie maji wala dawa. Vipige brashi juu ya shuka jeupe, hasa kwenye matundu ya nyuma, vifunge, na kule viwe vya mwisho kuingia chumba cha kulala.

Kirikuu kifagiliwe mbele ya macho yako na utandike turubai kabla ya kupakia. Jana yake kilibeba godoro la mwenzio.

Kivule kitanda kikae mbali na ukuta kiganja kimoja, kila mguu ndani ya kopo la plastiki laini ulilolipaka poda ya mtoto kwa ndani, kwa sababu kunguni haruki wala hapai, anapanda tu, na poda inamtelezesha. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kisiburuze sakafuni. Asubuhi angalia makopo. Ukimkuta mmoja wiki ya kwanza usilie, chemsha birika.

*Bi. Metroni, kunguni wakimuuma mwenye virusi vya UKIMWI kisha wakaniuma mimi, ninaambukizwa?*
*Msomaji, Mwanza*

Hapana. Kunguni haenezi UKIMWI wala malaria. Anachokupa ni muwasho, vidonda vya kujikuna na usiku wa kukosa usingizi. Watoto kateni kucha.

*Nimenunua kochi la mtumba la kuweka geto. Nimelipa nusu. Kwenye mishono lina vidoti vyeusi kama wino wa kalamu, muuzaji anasema ni vumbi la stoo.*
*Kijana wa Morogoro*

Lowesha kitambaa cheupe, sugua kidoti kimoja. Kikitoka rangi ya kutu, ni choo cha kunguni, ndiyo damu waliyoinywa. Geuza kochi, chana kidogo kile kitambaa cha chini, mulika. Na ile nusu iliyobaki, mwanangu, usilipe.