Maswali ya Wasomaji: Nota zanipiga chenga kwenye gitaa

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi niko Malindi, mtaa wa Maweni, nina gitaa la mtumba mwezi wa nne sasa na kodi (nota kadhaa zikipigwa pamoja) za G, C, D na Em nazibadilisha bila kuangalia. Shida ilianza kwaya walipoleta karatasi ya nota, ile ya mistari mitano. Tonik solfa, ile ya do re mi, naijua tangu utotoni lakini hii nimekariri mistari yote na nafasi zote, halafu nikishika gitaa, wapi! Jamaa wa kinanda alianza juzi tu na tayari anasoma. Au mimi nibaki na tabu zangu tu, zile karatasi zenye namba za pa kushika? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza huyo jamaa wa kinanda muache, mwenzako ana mteremko. Kwenye kinanda nota moja iko kwenye kitufe kimoja basi, habari imeisha. Wewe chukua ile E ya uzi wa kwanza, uzi mwembamba, ukiupiga wazi. E hiyohiyo iko uzi wa pili freti ya 5 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), iko uzi wa tatu freti ya 9, na ukiitafuta tena utaikuta uzi wa nne freti ya 14. Karatasi inakuambia sauti gani, haikuambii uishike wapi, ndio maana unakariri vizuri halafu vidole vinabaki vinatazamana.

Sasa dawa yake: jifungie. Usitoke freti 3 za mwanzo na usiguse nyuzi za juu zile nene kwa sasa. Uzi wa tatu wazi ni G, freti ya 2 ni A. Uzi wa pili wazi B, freti ya 1 C, freti ya 3 D. Uzi wa kwanza wazi E, freti ya 1 F, freti ya 3 G. Nota 8 tu. Kwenye karatasi anza mstari wa pili kutoka chini, ule ambao ufunguo wa G, ile alama ya mwanzo wa mistari, umejikunja juu yake kama mkia wa paka, panda mstari, nafasi, mstari, nafasi, hadi ile G iliyokaa juu ya mistari yote. Na wewe mtu wa solfa una bahati sana hujui tu, kwa sababu do ikiwa C hizo nota 8 ni so la ti do re mi fa so. Ziimbe huku unapiga, sikio lako lishazijua zamani, ni jicho tu ndio geni.

Halafu usiandike majina ya nota kwa penseli! Mimi hili lilinila miezi, nlikuwa Lamu, naishi Langoni, karatasi zangu zote nimezijaza vijiherufi chini ya kila nota nikijiona msomi kabisa. Siku tumeenda Shela kupiga kwenye harusi karatasi nimeisahau nyumbani, mwenzangu akanipa kopi yake safi, wimbo uleule, nikaitazama kama naangalia nyayo za kuku kwenye mchanga. Kumbe miezi yote hiyo nlikuwa nasoma penseli yangu.

Kitu kingine kinachotudanganya sisi wa gitaa, ukiupiga mstari mara mbili vidole vishaukariri, ya tatu husomi tena unakumbuka tu. Kwa hiyo piga mara mbili uhamie mstari mwingine, ikiisha karatasi isome kinyume, kulia kwenda kushoto, haitakuwa na utamu wowote lakini utakuwa unasoma kweli. Dakika 10 kila siku baada ya alasiri zatosha. Na muda wa nota upige makofi kwanza gitaa likiwa chini, nota nzima hesabu 4, nusu 2, robo 1, mguu unagonga, ukikosea usirudi nyuma, endelea tu kama mpiga twari, ile ngoma ya Maulidi, yeye akikosa pigo kwani Maulidi yanasimama?

Tabu nayo usiitupe. Wapiga luti wa Ulaya (luti ni ndugu wa udi) miaka ya 1500 tayari walikuwa wakiitumia, kwa hiyo asikucheke mtu. Ila tabu nyingi zinakuonyesha pa kushika hazikuonyeshi nota idumu muda gani, wimbo usioujua huwezi kuupiga nayo. Ah na jambo moja, gitaa huandikwa oktavu moja (yaani toka do hadi do inayofuata) juu ya sauti yake halisi, siku mkipiga nota moja na kinanda halafu yako ikasikika nzito zaidi usianze kuzungusha vifunguo vya kukazia nyuzi bure, gitaa lako ni zima.

SWALI: Mimi ni mpiga udi hapa Lamu, mtoto wangu anasoma nota za gitaa. Je Rasti, ile ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu, yaweza kuandikwa kwa nota hizi na akaipiga kwa gitaa lake?

JIBU: Kuandikwa yaandikika mzee wangu. Nota ya tatu ya Rasti ukianzia C si E wala si E flati (E iliyoshushwa freti moja), iko katikati, na huandikwa kwa alama ya flati iliyokatwa kamstari. Kazi iko kwenye gitaa, udi hauna freti kidole chako chateleza popote kitakapo, gitaa limeshawekewa mipaka. Mwambie ashike uzi wa pili freti ya 4, ausukume pembeni polepole, na kabla haujafika sauti ya freti ya 5 akomee hapo, wewe ukiwa kando na udi unamwambia bado, bado, hapo.