Shimo moja, mizani mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba shimo jeusi (lenye mvutano ambao hata nuru haitoki) la galaksi ya M87 lilipimwa kwa gesi inayolizunguka, likaonekana na uzito wa Jua bilioni 3.5. Kwa nyota, likawa bilioni 6.6. Tushike lipi? — Nahodha, Lamu

JIBU: Marahaba, nahodha. Ungeuliza la galaksi yetu, ningemaliza upesi. Kule upande wa kundi la nyota la Kausi, nyota iitwayo S2 huzunguka shimo letu kwa miaka 16, na Mei 2018 ilipita karibu nalo kabisa kwa kasi ya zaidi ya kilomita 7,600 kwa sekunde. Mzingo wake umefuatiliwa mzima. Uzito ukatoka: kama Jua milioni 4. Kazi hiyo iliwapa Reinhard Genzel na Andrea Ghez Tuzo ya Nobeli mwaka 2020.

M87 iko mbali mno, miaka ya nuru kama milioni 55. Hapo nyota za kitovuni hazitengani. Tunapata nuru yao iliyochanganyika, tukakisia kasi kwa namna rangi zake zinavyosogea na kutanuka.

Gesi hung'aa na huzunguka kama sahani, kwa hiyo huwavutia wapimaji. Lakini wewe ukitaka kujua nguvu ya mkondo pale Mkanda, hutazami dau lililotweka tanga, maana upepo nao unalisukuma. Utatazama nazi inayoelea. Gesi ndiyo dau: shinikizo, misukosuko na nguvu za sumaku huibeba kiasi, ikazunguka polepole kuliko mvutano peke yake ungeidai. Mwinamo wa sahani nao ukikosewa, kasi imekosewa. Na kosa halibaki dogo, kwani kwenye hesabu kasi huzidishwa kwa yenyewe: ukiiona nusu, uzito unaupata robo.

Nyota ni nazi, hutii mvutano tu. Taabu yake ni kwamba zinapishana kila upande, hivyo kompyuta hujaribu mizingo mingi mno, na maada ya giza, ile isiyoonekana ila kwa mvutano wake, lazima ihesabiwe.

Mimi nashika la nyota. Aprili 2019 mtandao wa darubini za redio ulitoa picha ya kivuli cha shimo hilo, na ukubwa wake ukaleta bilioni 6.5, bila kutegemea gesi ile wala nyota.

Ila usiitupe gesi kote. Katika galaksi iitwayo NGC 4258, mvuke wa maji unaotoa mawimbi ya redio huzunguka kwa utulivu hivi kwamba kipimo chake, Jua kama milioni 40, ni miongoni mwa vilivyo safi kabisa.