Hereni zinakatika, udongo unabanduka kwenye kishikio cha droo: tuangalie joto kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Natengeneza hereni za udongo wa polima hapa Tanga, nauza kwa wenzangu kazini na mtandaoni. Naoka kwenye oveni ndogo ya umeme ya mezani, nyuzi 130 kwa nusu saa kama pakiti inavyoelekeza. Nyeupe zinatoka na madoa ya hudhurungi, na bado kuna wateja wamenirudishia hereni zimekatika penye tundu. Nyingine nilizipaka rangi ya kucha ya kung'aa, sasa zinanata. Halafu tunapaka sebule upya, nikataka na kabati letu la zamani libadilike sura. Kishikio cha droo cha plastiki nilichokivika udongo kimepinda ndani ya oveni, na kwenye cha mbao udongo umebanduka wote kama ganda la yai. Nina kioo kikubwa pia, nataka kukizungushia nakshi. Na je, oveni hiyohiyo naweza kuokea keki?

JIBU: Marahaba, dada. Mengi kati ya uliyouliza yana mzizi mmoja, nao ni joto. Tuanze na hilo linalokupotezea wateja.

Pakiti inasema nyuzi 130 na wewe umezungusha swichi hadi 130. Lakini swichi ya oveni ndogo haijui kuna joto gani pale hereni zilipo. Oveni hizi huwaka na kuzima zenyewe: waya ukiwa mwekundu joto linapanda kupita kiasi, ukizima linashuka chini ya kiasi. Tena nafasi ni finyu, waya uko karibu na trei, kwa hiyo mwako wake unaunguza uso wa hereni wakati hewa ya ndani haijafika hata kwenye joto ulilolitaka. Ndiyo maana unaona mambo mawili yanayoonekana kupingana: juu imeungua, ndani haijaiva.

Udongo huu ni unga wa PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, uliochanganywa na kilainishi pamoja na rangi. Ukipata joto la kutosha, punje za PVC hunyonya kile kilainishi, huvimba, kisha huungana kuwa kitu kimoja. Joto lisipotosha, punje hushikana kijuujuu tu. Hereni ikipoa utaigusa uione ngumu, uipake, uipige picha, uiuze. Siku mteja anavua nguo hereni ikanasa kwenye kola, inakatika pale palipo pembamba kuliko pote, yaani penye tundu.

Kuna jaribio rahisi. Kila unapooka, weka kando ya hereni ukanda wa udongo huohuo, unene mm 2, upana wa kidole. Ukishapoa kabisa, ukunje taratibu. Ulioiva unapinda na kurudi. Usioiva unakatika ghafla, na ukitazama pale ulipokatika utaona chembechembe mithili ya biskuti kavu. Zipo aina laini zinazotengenezwa kwa ajili ya watoto ambazo hukatika hata zikiiva vizuri. Hizo zifanyie shanga nene, si hereni nyembamba.

Nunua kipimajoto cha oveni kinachosimama ndani. Ningekushauri ununue hicho kabla ya rangi mpya yoyote ya udongo. Weka kigae kimoja cha sakafuni juu ya trei, tandika karatasi nyeupe, panga hereni, kisha kipimajoto kando yake. Kigae kinatunza joto, hivyo kupanda na kushuka kunapungua. Funika kwa foili iliyokunjwa mfano wa hema bila kugusa hereni. Hiyo ndiyo dawa ya madoa kwenye nyeupe. Washa oveni na kigae kikiwa ndani hadi kipimajoto kitulie, ndipo uingize kazi. Nusu saa yako inaanza kuhesabiwa hapo. Muda huo wa pakiti kwa kawaida ni wa unene wa mm 6. Kitu kinene zaidi kinahitaji muda zaidi. Kukiacha kitu ndani kwa saa nzima kwenye joto sahihi hakukiharibu, ila joto likizidi, hata dakika chache tu zinaharibu.

Na joto sahihi hutofautiana. Kwa mfano, kati ya chapa za udongo huu, Fimo huiva kwenye nyuzi 110, Premo inataka kama 135, Kato inafika 150. Ukinunua vipande vilivyokatwa visivyo na pakiti, mwambie muuzaji akuonyeshe pakiti yenyewe, la sivyo unaoka kwa kubahatisha. Ukikaribia 180, PVC huanza kuoza na kutoa gesi ya asidi inayowasha macho na koo. Ukiona moshi au ukisikia harufu kali, zima, chomoa waya ukutani, fungua madirisha na watoto watoke. Usiufungue mlango wa oveni kuchungulia.

Umeme ukikatika katikati ya kazi usitupe kitu. Acha ipoe, ukirudi uanze upya muda wote. Vivyo hivyo kwa hereni zilizobaki mkononi mwako: zichomoe ndoano, uzirudishe kwenye oveni iliyopimwa vizuri, zitaiva. Zilizokwisha kuungua ndizo hazirudi. Kwa zijazo, fanya unene wa mm 2.5 hadi 3, na tundu likae mm 3 kutoka ukingoni. Ile pete ndogo ya kuunganishia ifungue kwa koleo mbili, upande mmoja mbele na mwingine nyuma. Ukiitanua kwa nje haifungi tena sawasawa na hereni itamwanguka mteja sokoni.

Rangi ya kucha achana nayo. Kiyeyusho chake kinalainisha uso wa PVC, na kunata huko hakuishi kwa kungoja. Hizo zinazonata zisugue kwa msasa wa maji, namba 400, kisha 600, 800 na 1000, ndani ya bakuli la maji ili usivute vumbi, halafu uzing'arishe kwa kuzisugua na kitambaa cha jinzi. Utashangaa zinavyong'aa bila kupakwa chochote. Ukitaka zing'ae kama kioo kabisa, tumia vanishi ya maji.

Hili linatuvusha hadi sebuleni. Mabaki ya rangi ya ukutani yanaweza kukufaa ukitaka vishikio vifanane na ukuta, mradi iwe rangi ya maji. Rangi ya mafuta, na nyingi za zile za kupuliza kwenye makopo, zitakuletea kunata kulekule. Jaribu kwanza kwenye ule ukanda wako, uuache wiki moja, ndipo uamue. Na udongo mbichi usiuweke juu ya meza au kabati lililopakwa vanishi, hata kwa usiku mmoja: kilainishi kinakula vanishi na kuacha alama. Ukae juu ya kigae au kioo, mbali na dirisha lenye jua, maana joto la jua linaanza kuuivisha kabla hujaugusa.

Kwa vishikio, jiulize kwanza kama kitu hicho kinaweza kukaa oveni nusu saa na zaidi bila madhara. Chuma, kioo na kauri vinaweza. Plastiki, umeona mwenyewe. Mbao inaweza, ila inataka maandalizi. Piga msasa vanishi yote ya zamani itoke. Kiingize kishikio kitupu kwenye oveni kwanza unyevu utoke, hasa kwa sisi wa pwani ambako mbao haikauki kamwe. Unyevu huo ukigeuka mvuke chini ya udongo ndio unaoinua mapovu na kuubandua. Kikipoa kipake gundi nyeupe ya seremala, uache ikauke hadi isionekane nyeupe. Udongo wenyewe usukume uwe mm 2 au 3, uulaze katikati ya kishikio na kuubonyeza kuelekea nje ili hewa isibaki, kisha uukunje kidogo chini ya ukingo ujifunge wenyewe. Oka pamoja. Kikipoa na ukasikia ganda linacheza, usihuzunike: livute litoke zima, kwaruza uso wa mbao kwa msasa, ulirudishie kwa gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Watu hawatajua.

Kile kioo chako kikubwa cha kujitazamia usikiingize oveni hata kama kingeenea, kwa sababu rangi na fedha iliyo nyuma yake havijatengenezwa kwa hayo. Oka nakshi peke yake, ubandike kwenye fremu kwa gundi hiyohiyo ya mirija miwili. Mimi ningechukua pindo la kanga, zile alama zenye umbo la korosho, nikakata vigae vya mraba vya udongo. Hapa ndipo wengi wanakosea hesabu: wanakata korosho nzuri, wanaanza kubandika kutoka kona moja, wakifika kona ya pili imebaki nusu korosho. Pima fremu kabla hujagusa udongo. Kwenye pembe nne weka vigae vyenye ua moja, kisha gawanya urefu uliobaki kwa upana wa kigae. Ikibaki ziada, isambaze kama nafasi ndogo kati ya vigae, au punguza upana wa kigae kwa mm 1, jicho halitagundua. Vigae visijikunje, vioke vikiwa vimelala kati ya vigae viwili vya sakafuni na karatasi juu na chini, uviache vipoe humohumo. Joto litachelewa kufika katikati, hivyo ongeza muda.

Milango ya kabati nayo ni hivyohivyo: oka kando, bandika baadaye, rangi ya kabati ikiwa imekauka kabisa.

Kuhusu keki, tenga oveni kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, oka udongo ndani ya bati lenye mfuniko, au trei mbili za foili zilizofunikiana na kubanwa kwa vibanio vya karatasi, kisha futa kuta za oveni kwa maji ya sabuni kabla ya keki. Msukumio na kibao cha chapati vikishagusa udongo, visirudi tena jikoni.